Kompyuta ya Nyumbani Imejaa: Tuchague Kabla ya Kufuta

Ndugu msomaji, katika ukurasa huu tumekwisha kuzungumza juu ya kutunza ghala la nafaka, kabati la vyombo na sanduku la nguo. Wiki hii tunageukia ghala jingine ambalo siku hizi limo katika nyumba nyingi, ingawa umbo lake ni dogo kiasi cha kukaa juu ya meza ya kulia chakula. Ghala hilo ni kompyuta. Nalo, kama yalivyo maghala yote, hujaa.

Dalili za kujaa ni rahisi kuzitambua. Mashine huanza kwenda kwa kusitasita. Barua uliyokwisha kuiandika hukataa kuhifadhiwa. Marekebisho ya usalama yanayoletwa na watengenezaji hushindwa kuingia, na hivyo nyumba hubaki wazi kwa wezi wa siri. Katika mfumo wa Windows, mstari unaoonyesha nafasi ya diski huacha rangi yake ya buluu na kuwa mwekundu. Hapo hofu huingia. Baba husema inunuliwe mashine mpya. Fundi wa mtaani husema ifutwe yote na kuanza upya. Kijana mwenye haraka hajangoja shauri la mtu. Amekwisha kuanza kufuta kila faili ambayo jina lake halitambui.

Mashauri yote matatu yana hasara. La kwanza hula fedha ya karo bila sababu, maana mara nyingi mashine si mbovu, ila imesongwa. La pili na la tatu huweza kuleta hasara isiyolipika. Ndani ya mashine hiyo hiyo iliyojaa sinema na nyimbo mna picha ya pekee ya babu aliyekwisha kufariki, mna nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mna hesabu za kikundi cha akina mama, na huenda mna sauti ya bibi akisimulia habari za ukoo. Vitu hivi haviuzwi dukani. Kwa hiyo kazi ya kupata nafasi katika kompyuta ni kazi ya kuchagua kwanza, na kufuta baadaye.

NAFASI ILIPOKUWA HABA

Yafaa tukumbuke tulikotoka, kwa sababu waliotutangulia walijua kuchagua kwa kulazimika. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine ya kwanza iliyouzwa ikiwa na diski ya kuhifadhia habari. Ghala lake lilikuwa na visahani 50, kila kimoja kikiwa na upana wa inchi 24, na uzito wake ulikuwa takriban tani moja. Pamoja na ukubwa huo, liliweza kubeba herufi milioni 5 tu. Picha moja iliyopigwa leo kwa simu ya kawaida ingelijaza, au karibu.

Habari nyingi za wakati ule ziliandikwa kwa kutoboa matundu katika kadi, na kadi moja ilichukua herufi 80, basi. Kwa sababu ya uhaba huo, waandishi wa programu walizoea kuandika mwaka kwa tarakimu mbili, yaani 65 badala ya 1965. Waliokoa herufi mbili katika kila tarehe, na kwa wakati wao lilikuwa jambo la busara. Lakini ilipokaribia mwaka 2000, ilionekana kwamba mashine nyingi zisingeweza kutofautisha mwaka huo na 1900. Serikali na mabenki ya dunia nzima yalilazimika kupitia programu zao mstari kwa mstari, kwa gharama kubwa mno. Hilo ni fundisho kwa nyumba zetu pia: mtu anaweza kubana nafasi akatupa kitu kidogo ambacho kesho kitamgharimu zaidi ya nafasi aliyoipata.

Kompyuta ya watu binafsi ya IBM ilitoka Agosti 1981, na toleo lake la kwanza halikuwa na diski kuu hata kidogo. Aliyeinunua alihifadhi kazi zake katika disketi, au hata katika kaseti kama zile za redio. Mwaka 1983 kampuni hiyo ilitoa mashine nyingine iliyoitwa XT, yenye diski kuu ya megabaiti 10, na watu waliona kwamba hapo sasa nafasi haitakwisha kamwe. Leo megabaiti 10 ni picha mbili au tatu za arusi.

Katika Afrika Mashariki mashine hizo zilikuwa mali ya wizara na mabenki. Tanzania hata ilipiga marufuku uingizaji wake nchini mwaka 1974, baada ya gharama kuonekana kuzidi manufaa. Watu wa rika langu tulizikuta baadaye sana, katika vyumba vya kuchapishia barua vilivyokuwa karibu na ofisi za serikali na vyuo, ambako mtu alilipa kwa ukurasa.

TUNDU DOGO LA DISKETI

Wasomaji waliopita katika vyumba vile wataikumbuka disketi ya inchi tatu na nusu: kigamba kigumu cha plastiki, mlango wa bati unaojirudisha wenyewe, na karatasi ya kuandikia jina. Kuanzia mwaka 1987 aina iliyoenea ilibeba megabaiti 1.44. Kwa maandishi matupu, hizo ni kurasa 700 na ushei. Mwanafunzi wa chuo cha ualimu aliweza kuweka humo maandalio ya masomo ya miaka yake yote, na bado nafasi ikabaki kwa barua ya kuomba kazi.

Majina ya faili nayo yalikuwa mafupi. Katika mfumo wa DOS jina lilikuwa na herufi nane, kisha nukta, kisha herufi tatu. Mtu aliandika BARUA3 au HESABU94, na alipaswa kukumbuka mwenyewe ndani mna nini. Kwa hiyo makarani hodari waliweka daftari kando ya mashine. Kila disketi ilikuwa na namba yake, na kila faili ilikuwa na mstari wake katika daftari. Waliitii methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini kitu kinachostahili kukumbukwa kuliko vyote ni tundu dogo lililokuwa katika pembe ya disketi, lenye kizuizi cha kutelezesha. Kizuizi kikiwa kimeliziba, uliweza kuandika na kufuta. Ukikisogeza tundu likaonekana wazi, disketi ilifungwa: ilisomeka, lakini hakuna aliyeweza kufuta kitu ndani yake. Kabla ya kumkabidhi mwenziwe disketi, mwenyewe aliamua kwa kidole chake kama yaliyomo yafaa kulindwa. Katika mashine zetu za leo, kufuta ni jambo la kubonyeza mara moja. Hatuna budi kujiwekea kizuizi sisi wenyewe, kwa utaratibu.

KINACHOJAZA NI NINI?

Watu wengi huanza kwa kufuta barua na nyaraka, kwa kuwa ni nyingi na majina yake yanachosha macho. Hilo ni kosa la hesabu. Barua ya kurasa mbili iliyochapwa kwa programu ya kisasa huchukua kama kilobaiti 25. Video ya dakika moja iliyopigwa kwa simu huweza kufika megabaiti 100. Yaani mtu atakayefuta barua 4,000 atakuwa ameokoa nafasi ya video moja ya dakika moja, ya mtoto akicheza na kuku. Kwa kipimo cha zamani, video hiyo moja ingehitaji disketi kama 70.

Kwa kawaida vinavyojaza kompyuta ya nyumbani ni hivi: video na sinema, picha zilizohamishwa kutoka katika simu mara mbili au tatu bila mtu kukumbuka kwamba amekwisha kuzihamisha, vitu vilivyopakuliwa, hasa programu ambazo zimekwisha kuingizwa na faili yake ya kuingizia haina kazi tena, mabaki ya muda ambayo mfumo wenyewe huyaacha, na michezo ya watoto. Nyaraka za kweli za nyumba ni sehemu ndogo sana.

Hapa tuondoe pia manung'uniko ya wanunuzi. Wengi husema wameuziwa mashine ya gigabaiti 256, lakini Windows inaonyesha 238 tu. Hawakuibiwa. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili, na Windows huihesabu kwa mafungu ya 1,024, kwa hiyo namba hutofautiana ingawa diski ni ile ile. Kwa sababu hiyo hiyo mashine ya gigabaiti 128 huonyesha 119.

UTARATIBU WA KAZI

Kazi hii ni ya mchana mmoja wa siku ya mapumziko, na isifanywe na mtu mmoja peke yake. Twaeni daftari na kalamu, mkagawe ukurasa katika sehemu tatu: vitu vya pekee, vitu vinavyoweza kupatikana tena, na vitu visivyo na kazi.

Kwanza, andikeni vitu vya pekee. Kipimo chake ni swali moja tu: kikipotea leo, je, twaweza kukipata kwingine? Sinema ya dukani yapatikana tena. Sauti ya bibi haipatikani. Ulizeni watu wote wa nyumbani, pamoja na wazee, kwa maana picha ambayo kijana aiona haina maana huenda ndiyo picha ya pekee ya shangazi akiwa msichana.

Pili, nakilini vitu hivyo vya pekee mahali pawili mbali na mashine: mathalani katika diski ya nje inayokaa nyumbani, na katika nyingine iliyoko kwa ndugu wa mtaa mwingine. Kisha fungueni nakala hizo mzitazame. Nakala ambayo haijafunguliwa bado ni tumaini tu. Ieleweke pia kwamba kuhamisha kila kitu katika flashi moja na kukifuta katika kompyuta siyo kutunza. Mtakuwa bado na nakala moja, tena katika kifaa kinachoweza kupotea mfukoni.

Tatu, sasa anzeni kufuta, mkianza na visivyo na ubishi. Katika Windows 10 na 11, bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na herufi I ili kufungua mipangilio, mwingie sehemu ya mfumo, kisha sehemu ya hifadhi. Mashine itawaonyesha yenyewe ni aina gani ya vitu imekula nafasi zaidi. Humo mna orodha ya faili za muda, na nyingi katika hizo zaweza kufutwa bila madhara. Lakini angalieni sana: katika orodha hiyo hiyo imo pia folda ya vitu vilivyopakuliwa. Watu wengi huacha humo vyeti na barua walizotumiwa. Msiitie alama folda hiyo kabla ya kuipekua kwa macho.

Nne, ingieni wenyewe katika folda ya vitu vilivyopakuliwa na ile ya video, mzipange faili kwa ukubwa, kubwa zikiwa juu. Mara nyingi faili kumi za kwanza zina uzito kuliko elfu moja zinazofuata. Amueni juu ya hizo kumi, na huenda kazi ikawa imekwisha.

Tano, tafuteni picha zilizojirudia. Zenye tarehe moja, ukubwa mmoja, na jina lile lile lililoongezewa namba katika mabano, kwa kawaida ni nakala. Lakini zifungueni mbili mbili kabla ya kufuta moja. Pia, mpiga picha wa siku hizi hupiga kumi pale ambapo wa zamani, mwenye filamu ya picha 36, alipiga moja kwa uangalifu. Baki na mbili zilizo bora.

Sita, programu isiyotumika iondolewe kwa kupitia orodha ya programu katika mipangilio. Kufuta folda yake kwa mkono huacha mizizi ardhini.

Saba, msimwage pipa la taka siku hiyo hiyo. Ni kweli kwamba nafasi haipatikani mpaka pipa limwagwe, lakini kama hamna dharura, ngojeni wiki moja. Katika wiki hiyo mtu atakumbuka jambo. Mkimaliza, jitahidini ibaki wazi angalau sehemu moja katika kumi ya diski, ili mashine ipate kupumua.

MITEGO

Iko mitego michache inayowanasa hata watu waangalifu.

Usifute kitu kwa mkono ndani ya folda iitwayo Windows, wala ndani ya folda ya programu, kwa sababu tu jina lake ni geni. Huko ndiko iliko misumari inayoshikilia paa.

Usipakue programu ya kusafisha inayojitangaza ghafla kwenye skrini ikidai kwamba mashine yako ina makosa mamia. Nyingi huja na uchafu kuliko ule zinaodai kuuondoa, na vifaa vya kusafishia vilivyomo ndani ya mashine vyatosha.

Usidhani kwamba kubana picha katika faili moja la kubanwa kutakupa nafasi. Maandishi hubanika sana, lakini picha na video za simu zimekwisha kubanwa tangu zilipopigwa, na utapata karibu sifuri.

Ukifuta kitu kilichomo katika flashi, kwa kawaida hakipiti katika pipa la taka. Kimekwenda. Na anayebonyeza kitufe cha kufuta pamoja na kile cha Shift naye hulikwepa pipa hata kwa faili za diski kuu.

Mtego mkubwa kuliko yote ni ule wa hifadhi ya mbali, ile watu wanayoiita wingu. Huduma kama OneDrive huifanya folda ya kompyuta na ile ya mbali kuwa kitu kimoja. Anayefuta nyumbani akidhani nakala iko salama huko angani, hufuta na huko pia. Zipo njia za kuiambia mashine iache faili mbali na kuondoa ile ya nyumbani tu. Lakini mtu ajifunze njia hiyo kwanza kwa faili isiyo na thamani. Akumbuke pia kwamba nafasi ya bure ina mwisho: Google hutoa gigabaiti 15, zikiwa zimegawanywa kati ya barua, nyaraka na picha, na Microsoft hutoa 5. Zaidi ya hapo ni kulipa, na asiyelipa hana uhakika na mali yake.

Ikitokea kitu cha pekee kimefutwa na pipa limekwisha kumwagwa, acheni kuitumia mashine mara moja, mkaizime na kumtafuta fundi mwenye ujuzi wa kazi hiyo. Katika diski za zamani zenye visahani, faili iliyofutwa hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Katika diski za kisasa zisizo na kisahani matumaini ni madogo zaidi, kwa sababu mfumo huzisafisha upesi.

KUTIA MAJINA

Jambo la mwisho ni la kuepusha kazi hii isirudi kila mwaka. Leo jina la faili halina tena mpaka wa herufi nane. Laweza kuwa na herufi zaidi ya 200. Hata hivyo nyumba zetu zimejaa picha zenye majina ya namba tupu, ambazo baada ya miaka kumi hakuna atakayejua ni za nani. Mtakapokaa na daftari lile, mwiteni bibi mezani, mumwonyeshe picha moja moja, na mwandike: mwaka, mahali, walio kushoto na walio kulia. Faili yenye jina lake kamili haifutwi kwa bahati mbaya, kwa kuwa kila mtu anajua ni mali ya nani.

Watu wa disketi walikuwa na nafasi ndogo wakajua walicho nacho. Sisi tumejaliwa nafasi kubwa mara maelfu, na wengi wetu hatujui mna nini ndani yake. Kupata gigabaiti 40 za wazi ni faida nzuri, na mashine itakwenda mbio. Lakini faida iliyo kubwa ni kwamba jioni hiyo familia itakuwa imekubaliana ni kitu gani hakitupwi. Tena itakuwa imekiandika katika daftari, na kukiweka mahali pawili.

Wiki ijayo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kuvilinda vyombo vya umeme wakati umeme unapokatika na kurudi kwa ghafla. Mpaka hapo, tuwatakie kazi njema.